Mzee wa Uwanja na Aya Niliyoiruka

Ndege ikitua Tabora, wa kwanza kuiamkia alikuwa yeye. Simaanishi rubani wala abiria. Aliiamkia ndege yenyewe. Alisubiri pangaboi zisimame, akavua kofia, akaisogelea na kuigusa ubavuni kwa kiganja, akasema, "Mwangaluka," vile Wanyamwezi wanavyoamkiana asubuhi, hata kama jua lilikuwa limeshapinda. Abiria wa kutoka Dar es Salaam walimcheka. Yeye aliwaambia kwamba mtu aliyetoka mbali huamkiwa kwanza, maswali baadaye.

Tulimwita Mzee wa Uwanja. Jina lake nalijua, maana nilimpigia chapa barua, lakini sitaliandika hapa. Nimeshamfanyia ya kutosha. Alikozaliwa sikuwahi kumuuliza. Ninachoweza kusimulia ni ile miaka mitano niliyokuwa nikienda uwanjani kila Jumamosi nikitoka kazini, na hiyo barua moja.

Kwenye karatasi za serikali kazi yake ilikuwa mtunza uwanja. Kwa vitendo alikuwa kila kitu. Alifyeka majani, alifukia mashimo kwa changarawe, alipandisha mfuko wa kuonyesha upepo, alijaza mapipa ya maji ya kuzimia moto, alifukuza mbuzi. Ndege ikikaribia aligonga kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mti wa simu, ngo, ngo, ngo, na kila aliyekuwa karibu alijua maana yake ni toka njiani.

Tatizo lilikuwa hiyo njia. Njia ya zamani ya wapagazi, ile waliyopita na pembe na shanga zama za misafara, ilikatiza uwanja mshazari, na watu wa Itetemia walikuwa bado wanaipita kwenda sokoni. Kuni kichwani, kuku mkononi, ndege ile inashuka.

"Nyie! Ipisheni ndege!"

"Ndege ndiyo itupishe," mama mmoja alimjibu siku moja bila hata kugeuka. "Njia hii bibi yangu kaipita. Hiyo ndege yako imekuja lini?"

"Jana."

"Basi ni mgeni. Mgeni hana haraka."

Jioni Mzee akaandika kwenye daftari lake: *Ndege imechelewa kutua. Sababu, mama na kuku watatu. Rubani alizunguka mara mbili. Mama ana haki kiasi.*

Daftari lile nililipenda kuliko gazeti. Aliandika upepo, mawingu, saa ya kutua, saa ya kuruka, rubani kasema nini, na makosa, yakiwemo ya kwake. *Leo nimechelewa kugonga reli. Nilikuwa nakula muhogo.* Nilimwambia, "Mzee, haya ya muhogo si ungeyaacha tu?" Akanitazama kama nimemwambia avue nguo sokoni. "Mwanangu, daftari halina watoto wa kulisha. Ndiyo maana linaweza kusema kweli. Mimi na wewe tunao."

Msifikiri alikuwa malaika. Umri wake ulikuwa hamsini na nne kwa muda wote niliomjua, maana alijua wakimjumlishia vizuri watamstaafisha. Na huyu mtu aliyezigusa ndege kila juma hakupata kupanda hata moja. Marubani walimbembeleza wampe mzunguko wa bure juu ya mji. Alikuwa akiweka mguu kwenye ngazi, kipandio cha kwanza, cha pili, kisha anakumbuka pipa lake la maji halijajaa.

Kwa ukali hakuwa na mfano. Nilimwona akimfokea bwana mkubwa mmoja aliyewasha sigara karibu na mafuta mpaka yule bwana akaimeza sigara nusu. Lakini mdudu hakuweza kumfukuza. Nyuki walipoingia kwenye kibanda cha ndoo za mchanga alihamisha ndoo. Na yule nyigu anayefinyanga udongo, anayejenga vijumba vyake kwenye kona za dari, huyo ndiyo usimguse kabisa. Kwao, akijenga ndani ya nyumba havunjiwi. Mwenye nyumba anangoja, atapata mgeni au mtoto. Kwetu Kanyenye pia mama alikuwa hivyo hivyo, tulifagia tukimzunguka. Sikuona ajabu.

Mimi nilikuwa mpiga chapa wa ofisi ya kata. Nilikuwa na darasa la saba, kozi ya miezi sita ya mashine, na ndoto kubwa kuliko mji. Nilitaka kuwa mhudumu wa ndege. Nilikuwa nimeona picha ya msichana amevaa kofia ndogo pembeni ya kichwa, anatabasamu mlangoni, na tangu hapo sikulala vizuri. Wengine walinicheka. Mzee wa Uwanja alinipa ngazi. Ndege ikiwa tupu aliniruhusu nipande mpaka mlangoni, yeye akabaki chini amejifanya abiria.

"Karibu, bwana. Safari njema."

"Siti yangu iko wapi?"

"Popote upendapo, bwana."

"Hapana! Ukisema popote, wote watakaa nyuma na ndege itainua pua. Tuanze tena."

Alijua kila kitu kuhusu mahali asipothubutu kukanyaga.

Sasa nimfikie Rubani. Naye namwita hivyo tu. Alikuwa mmoja wa vijana wetu wa kwanza kurusha ndege za abiria huku bara, na alipotua Tabora watu walikwenda uwanjani kumtazama tu, Mwafrika mwenzao akishuka kutoka kwenye usukani. Mzee alimpenda kama mtoto wa tumbo lake, ila kwa kumfokea. Kabla ya kuruka Rubani aliizunguka ndege, akishika hiki na kile, na Mzee alimfuata nyuma. Yale ambayo Mzee alikuwa ameshayakagua alfajiri, Rubani aliuliza tu. "Mzee, matairi?" "Yako sawa." "Mrija?" "Uko safi."

Huo mrija ndio kisa chote, kwa hiyo nauelezea kama nilivyoelezwa. Chini ya bawa kuna kijirija chembamba kama kalamu, kimeelekea mbele. Ndege ikikimbia, hewa huingia humo, na kwa hewa hiyo mshale ulio mbele ya rubani hujua mwendo. Bila hewa hiyo mshale haujui kitu. Ndege ikilazwa uwanjani, mrija huvalishwa kifuniko cha turubai chenye utepe mwekundu. Kuuvalisha na kuuvua ilikuwa kazi ya Mzee.

Mwaka mmoja, karibu na Idi, ndege ndogo ya Rubani ililala kwetu siku tatu. Ilikuwa ikiwangoja wageni wa serikali waliokwenda kuangalia vijiji vya ujamaa. Siku ya kuondoka ilikuwa Jumamosi, na mimi nilikuwepo, napunga kanga. Ndege ilikimbia vizuri. Kisha, pale ambapo huwa inainuka, haikuinuka. Tulisikia breki. Uwanja ulikuwa na maji ya mvua. Iliteleza mpaka mwisho, ikatoka nje, ikaingia kwenye shamba la karanga, gurudumu moja likavunjika na bawa likalima udongo.

Hakufa mtu. Namshukuru Mungu kwa hilo kila siku. Lakini muuguzi mmoja aliyekuwa amepewa nafasi ya nyuma alivunjika nyonga, na mpaka leo anatembea na fimbo.

Wachunguzi wakaja. Rubani akawaambia mshale wa mwendo ulikuwa umelala kwenye sifuri, akaona asiruke. Wakautazama mrija: umejaa udongo wa shamba la karanga. Nani angejua udongo upi umeingia kwanza? Wakamuuliza Mzee wa Uwanja kama mrija ulikuwa umefunikwa zile siku tatu.

"Ulifunikwa," akasema.

Basi ikawa neno la Rubani peke yake. Na mji nao ukatia chumvi. Kijana kakaa Tabora siku tatu hana kazi, anafanya nini kama si kunywa wanzuki? Pombe yetu ya asali, kila mtu anajua inavyolegeza magoti. Rubani hata soda aliinywa kwa mashaka, lakini nani alitaka kusikia hilo? Ikaandikwa uzembe wa rubani. Wakamnyang'anya leseni. Siku alipoondoka kwa treni, watu wazima wawili walikwenda stesheni kumuaga, mimi na Mzee. Mzee alimshika mkono akasahau kuuachia, mpaka gadi akapuliza filimbi.

Jumamosi iliyofuata nilifungua daftari. Ukurasa wa siku ya ajali ulikuwa mtupu. Tarehe ipo, chini yake hakuna neno.

Miezi ikapita. Kisha redio ikatangaza muswada wa usalama wa ndege za abiria. Yalikuwemo mengi, lakini lililomshika Mzee lilikuwa moja. Ndege zitatakiwa kubeba kinasa safari. Alinieleza kwa mikono miwili, kama mtu anayeeleza chakula. Ni kisanduku cha chuma, kinakaa mkiani, hakiungui. Safari nzima kinanasa mwendo, kimo na mwelekeo. Ndege ikianguka, kinafunguliwa na kinasema.

"Ni daftari, mwanangu. Daftari ambalo ndege inajiandikia yenyewe."

Ila muswada ulizitaja ndege kubwa tu, zile zinazovuka bahari. Vindege vinavyokuja kwetu havikuwemo. Hilo lilimnyima raha. Alikwenda mpaka kwenye mkutano wa kata kusema kwamba vidogo navyo viwekwe. Mwenyekiti wetu alikuwa mtu wa mizaha.

"Mzee wangu, kisima cha Itetemia kimekauka, wewe unatuombea kisanduku cha ndege?"

Watu wakacheka.

"Nacheka na mimi," Mzee akasema. "Nikimaliza kucheka nitauliza. Kisanduku kile kingekuwemo kwenye ndege ya kijana wetu, kingesema nini?"

"Kingesema kanywa!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

"Kingesema mwendo sifuri. Tangu ilipoanza kukimbia, kabla haijagusa udongo, sifuri, sifuri, sifuri. Na leo kijana angekuwa angani." Akakaa. Kicheko kilikufa, lakini hawakupiga kura yoyote. Wakaendelea na kisima.

Redio ilisema wafanyakazi wa viwanja waandike maoni yao kwa kamati, na mwenye ushahidi wa jambo aliloliona ataitwa Dar es Salaam kulieleza. Ijumaa baada ya sala Mzee akaja ofisini na kanzu yake. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu, lakini aliamini barua ya mkono serikalini husomwa mwisho. Akataka ya mashine. Alisema, mimi nikanukuu kwa kalamu ili nije kuipiga chapa Jumatatu.

Aya za kwanza zilikuwa za visanduku. Kwa nini ndege ndogo ndizo zinazovihitaji zaidi, maana ndizo zinazolala viwanja vya porini, mbali na mafundi. Ndiyo hoja aliyoitoa mkutanoni, imepangwa vizuri zaidi. Kisha akavua miwani. Kioo kimoja kilikuwa na ufa.

"Aya mpya," akasema.

Nimeishika kwa kichwa. Naiandika hapa kwa sababu hapa ndipo mahali pekee nilipobaki napo pa kuiandika.

"Mimi ndiye niliyeuacha mrija wazi. Kifuniko kilikuwa kimechanika nikakipeleka Kanyenye kushonwa, na fundi alikuwa na nguo za Idi, akanizungusha siku tatu. Nilimwona nyigu mfinyanzi akienda na kurudi chini ya bawa na tonge la udongo. Kwetu hafukuzwi. Sikuinama kutazama anajenga wapi. Rubani aliniuliza, nikasema uko safi. Wachunguzi waliniuliza, nikasema ulifunikwa. Niko tayari kuja kuyasema haya mbele ya kamati. Kijana hakukosa."

Kalamu yangu ilifika mwisho. Sikuthubutu kuinua macho.

"Mzee, watakufunga."

"Andika 'Wako mtiifu'. Halafu jina."

Jumamosi na Jumapili ile niliishi na karatasi ile ndani ya sidiria. Mnakumbuka miaka ile neno mhujumu lilivyokuwa. Mtu akiitwa mhujumu hata jirani hakuja kuomba moto. Nilimwona Mzee amefungwa pingu, kanzu yake nyeupe imechafuka. Nikalia kabisa. Jumatatu nikaweka karatasi nne na kaboni tatu, nikapiga aya zote za visanduku, nikaifikia ile, nikairuka. Nikapiga "Wako mtiifu".

Nilitaka kusema nilifanya kwa huruma, na huruma ilikuwepo. Lakini nitakuwa mwongo mara ya pili nikiishia hapo. Kulikuwa na utamu ndani yake. Nilijiona kama mtu wa sinema, msichana anayemwokoa mzee na yeye mzee hajui. Nilitabasamu nikipiga chapa. Nakumbuka nilitabasamu.

Akaja kutia sahihi. Aliisogeza karatasi dirishani, akaisukuma mbali, akaivuta karibu, ule ufa wa miwani ukimsumbua.

"Umeandika yote?"

"Yote, Mzee."

Akatia sahihi nakala zote nne. Hakusoma. Kwa nini asome? Niliyesema "Yote" ni mimi.

Ningeishia hapo labda ningesamehewa. Baada ya wiki kadhaa jibu likaja, limepitia ofisi yetu. Nikalifungua. Lilikuwa fupi na la adabu. Maoni yamepokelewa kwa shukrani. Kwa kuwa mwandishi hakueleza tukio lolote aliloliona yeye mwenyewe, hatahitajika kufika. Nikakaa nalo. Kumpa ni kumwambia nilichofanya. Mchana, wenzangu walipokwenda kula, nikalitia kwenye jiko la chai.

Tangu hapo nilijifunza kumwogopa mtu mpole. Alipita ofisini kila akija mjini. Alikuwa amenunua viatu vya kwendea Dar es Salaam, vyeusi, vya kamba, akavitunza kwenye boksi lake.

"Hawajaniita?"

"Bado, Mzee."

"Wana mambo mengi."

"Ndiyo, Mzee."

Alifika hata kunifariji. "Usihangaike, mwanangu. Serikali ni kubwa." Nikaacha kwenda uwanjani Jumamosi. Nikasema mama anaumwa. Mama alikuwa mzima, anafuma mikeka.

Redio ilisema visanduku vitaanza na ndege kubwa, ndogo zitatazamwa baadaye. Mzee hakuja siku ile. Mwaka ule ule wakagundua hesabu ya umri wake, wakamstaafisha, akahamia kwa binti yake kwenye kijiji cha ujamaa karibu na Tura, mashariki huko kwenye reli. Alikuja kuniaga. Nilijificha kwenye stoo ya madebe mpaka aondoke. Alimwachia mwenzangu asali, chupa mbili, kwa ajili yangu. Niliigawa.

Ilipita miaka mitatu. Nisingekwenda Tura mpaka leo kama si siku moja sokoni, kwenye foleni ya sukari, lori la tumbaku likasimama na dereva akaniita kwa jina. Alikuwa amenenepa kidogo na mikono yake imekuwa ya grisi. Rubani. Anaendesha malori ya tumbaku, anakaa Urambo. Alicheka sana, akauliza kama nimeshakuwa mhudumu wa ndege, nikamwambia bado nahudumia mashine ya chapa.

"Na Mzee wetu? Mzima?"

"Mzima. Yuko Tura."

"Ukionana naye msalimie sana. Mji mzima ulinitupa, yule mzee alikuja kunishika mkono." Akatazama usukani wake. "Nikimkumbuka huwa najiambia, angalau mmoja aliniamini."

Foleni ilisogea, mimi sikusogea. Wiki ile nikaomba ruhusa, nikapanda treni.

Nilimkuta chini ya paa la nyasi anafundisha elimu ya watu wazima, chaki mkononi, akina mama kumi na watano mbele yake na watoto migongoni. Alikuwa anawafokea kuhusu herufi kama alivyokuwa akiwafokea marubani. Aliponiona, uso wake ulifunguka wote.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu! Mmemwona? Huyu ndiye aliyeniandikia barua ya serikali."

"Mwalimu," mama mmoja akasema, "mbona mgeni wako analia kabla hajapewa maji?"

"Kachoka na safari. Nendeni, nendeni, kesho tutaendelea na herufi."

Tulikaa kwenye benchi. Aliniuliza habari za mama, za Kanyenye, za uwanja. Kisha akasema mwenyewe, hata sikumuuliza, kwamba ameshaacha kungoja. "Nimefikiri sana. Barua waliipata. Wakasoma, wakaona mzee mjinga, mdudu mjinga, wakasema tumwache. Wamenisamehe kimya kimya. Naishukuru serikali. Ila najiuliza kwa nini kijana hawakumrudishia leseni. Labda walimrudishia?"

"Hawakumrudishia. Anaendesha lori Urambo."

Akaiweka chaki yake kwenye benchi.

"Mzee, sikuandika yote."

"Uliacha nini?"

"Ile aya ya mrija."

Alikuwa anapangusa chaki kwenye vidole kwa pindo la shati. Akaendelea kupangusa, kidole kimoja kimoja, mpaka vikaisha.

"Jibu lilikuja?"

"Lilikuja. Nililichoma. Walisema kwa kuwa hukueleza tukio lolote uliloliona, hutahitajika."

"Sikuliona tukio lolote," akarudia polepole.

"Nilikuonea huruma, Mzee. Wangekuita mhujumu."

"Wangeniita. Kisha?"

"Wangekufunga."

"Kisha?"

Nikavuta kikapu changu karibu.

"Kisha kijana angeendelea kurusha ndege," akasema. Hakupaza sauti. Ningetoa chochote anifokee. "Ile siku nilipokuambia maneno yale, nilikuwa nimekaa miezi nikiyatafuta. Nilidhani nimempata mtu wa kuniandikia. Kumbe nimempata mtu wa kunihurumia."

Akainuka, akachana karatasi mbili katikati ya daftari la shule, akaandika mwenyewe, kwa mkono, kwenye benchi lile, mimi nimekaa kando. Alichukua muda mrefu. Nilisikia kalamu tu na kuku. Alipomaliza alisoma yote tangu juu, midomo ikitembea. Aliiandika kwa Rubani mwenyewe, aipeleke anakotaka. Akaikunja mara nne na kuandika juu jina la Rubani, na chini yake: Urambo.

"Mzee, nipe niipeleke. Naapa, keshokutwa niko Urambo. Nitamkabidhi mkononi."

"Twende stesheni, binti. Treni yako inakaribia."

Miaka yote aliniita mwanangu.

Treni ya mchanganyiko ilikuja na mabehewa mawili ya abiria nyuma ya mabehewa ya ng'ombe. Mzee hakutazama upande wangu. Alikwenda moja kwa moja kwa gadi, mtu mnene mwenye bendera kwapani, akamwamkia, akamwomba barua ile aifikishe kwa bwana stesheni wa Urambo. Akamfanya asome jina kwa sauti. Akamfanya alisome tena.

"Sawa, Mzee, nimelisoma," gadi akasema, kisha akanionyesha kwa kidevu, mimi niliyekuwa nimesimama hatua mbili na kikapu changu. "Lakini huyu dada si mgeni wako? Anakwenda upande huohuo. Si ungempa yeye?"

"Nimekuomba wewe," Mzee akasema.

Gadi akaitia barua kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo. Nilimwambia Mzee kwaheri na shikamoo kwa pamoja, maneno yakagongana. "Marahaba," akaitikia, kama anavyomwitikia mtu yeyote, na nikapanda.